Kurasa Mbili, Kichwa Kimoja

Kifuniko cha birika kilianza kucheza kabla jogoo hajawika. Tik, tik. Kikanyamaza. Tik, tik tena.

Roza alikisikia akiwa ameegemea magunia ya chumvi ya ng'ombe ndani ya stoo ya josho, mlango umefungwa kwa nje kama tulivyomwacha toleo lililopita. Hakuwa amelala. Alisogea hadi dirishani, dirisha dogo la nondo lisilo na kioo, linalotazama ua wa Muhidini, mtunza stoo.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini. "Mama Muhidini."

Birika liliondolewa motoni. Kandambili zikaja taratibu hadi chini ya dirisha.

"Nani yumo humo?"

"Mimi, Roza. Mke wa Selestini."

"Astaghfirullah. Umeingiaje humo, mwanangu?"

"Niliingia mwenyewe jana jioni. Kutoka ndiyo nimeshindwa. Nimefungiwa."

"Na nani?"

Roza alisita. Si rahisi kumwambia mama ubaya wa mwanawe alfajiri, hata hajanawa uso.

"Na Muhidini, mama. Amesema kukicha anakuja na mgambo."

Bi Mwanakhamisi, mama yake Muhidini, aligeuka. Kandambili zikaondoka. Roza akajua kwisha, anakwenda kumwamsha mwanawe.

Kandambili zikarudi. Kikombe cha bati kikapita katikati ya nondo, kimefungwa kitambaa kisimuunguze.

"Kunywa kwanza," alisema Bi Mwanakhamisi. "Mtu hawezi kueleza jambo huku anatetemeka."

Wewe uliyelikuta gazeti hili kwa jirani leo, nikueleze upesi kabla chai ya Roza haijapoa.

Selestini Nkuba, mume wa Roza, ni mwogeshaji wa ng'ombe katika josho la Igwasa, huku bondeni Usangu. Mwezi uliopita aliogesha ng'ombe wa Mzee Masunga, na kabla jua halijazama zizi zima lilikuwa limelala chini, halinyanyuki. Mzee Masunga ni baba mzazi wa Roza. Siku chache kabla, mzee na mkwewe walikuwa wamegombana mkutanoni, na Selestini akasema mbele ya kijiji kizima, "Usipowaleta joshoni, ng'ombe wako wataisha." Mzee akawaleta. Wakaisha.

Basi Selestini akakamatwa kwa kuua mifugo makusudi. Akapelekwa mahabusu Iringa, mbali na fimbo za wafugaji. Utetezi wake ni mmoja tu: "Kulikuwa na kurasa mbili zenye kichwa kimoja. Nilifuata mmoja." Nani aliandika huo aliofuata? Hapo hufunga mdomo. Na kila Roza akienda kumwona, humwambia neno lilelile wakiagana: "Usije tena."

Kurasa zenyewe ni za jalada la josho. Ni jalada kubwa la kamba, linaning'inia kwenye msumari humo stoo, na ndani yake watu wa josho wameandika kila kazi inavyofanywa, ili aliye zamu asikwame mwenzake akisafiri. Lilianzia darasa la watu wazima. Mwalimu Ezekia aliandika kichwa ubaoni, "Kuchanganya Dawa ya Josho", darasa zima likanakili kichwa, kisha kila mtu akajaza chini yake anavyojua. Ukurasa mzuri ukaingia jaladani. Miaka ikapita, watu wakazidi kuandika, vichwa vikabaki vilevile vya ubaoni. Na hakuna aliyekubali ukurasa wake utolewe. Mtu aliyejifunza kuandika akiwa na mvi, ukimchania ukurasa umemchania mtoto.

Polisi walipolifungua jalada waliukuta ukurasa mmoja tu wa kichwa hicho. Ulikuwa wa Muhidini, wa dawa mpya, sahihi kabisa. Wakasema Selestini anajitetea kwa uongo.

Ndiyo maana Roza aliingia stoo.

"Mama," alisema sasa, kikombe kiko kifuani, "nina swali. Siku ile ng'ombe wa baba wanakufa, ulipika gundi?"

"Umejuaje?"

"Ukurasa wa Muhidini ni mgumu kama chapati ya jana. Wenzake wote ni laini. Una kitu mgongoni."

Bi Mwanakhamisi alisogea karibu na nondo.

"Aliniomba gundi ya ngano," alisema. "Nikamwuliza, unabandika nini na watu wanalia huko? Akasema karatasi imechanika. Nikamkorogea. Nikatia na mrututu, mende wasiile."

"Haikuchanika, mama."

"Naona."

Roza aliweka kucha pembeni ya ukurasa akaanza kuvuta.

"Usivute. Gundi yangu haibanduki hivyo, utabaki na vipande. Lete hapa dirishani."

Bi Mwanakhamisi akarudisha birika motoni mpaka likapiga kelele, akaja nalo, akaingiza mdomo wake katikati ya nondo. Mvuke ukamwagika ndani. Roza akaliinamisha jalada, akaupitisha ukurasa kwenye mvuke, akaupitisha tena. Ukingo wa chini ukalegea.

Kwa mwanga wa moto wa uani, kwanza zikatokea kwato. Halafu mkia. Halafu tumbo. Mtu alikuwa amechora ng'ombe mwishoni mwa ukurasa wake, kama wanafunzi wakubwa walivyopenda kupamba kazi zao.

Halafu ikatokea pembe. Moja imesimama. Nyingine imeinama mpaka karibu na jicho.

Mkono wa Roza ukasimama.

"Nini tena?" aliuliza Bi Mwanakhamisi. "Birika zito hili."

"Mama, ukurasa ni wangu."

"Wako vipi?"

"Nimeuandika mimi. Darasani kwa Mwalimu Ezekia. Huyu ni ng'ombe wa baba, yule aliyenilea kwa maziwa. Sikujua kama uliingia jaladani. Nilidhani mwalimu alifungia sukari."

Alipouandika haukuwa na kosa. Ulikuwa wa dawa ya zamani, dawa dhaifu, iliyomiminwa joshoni kwa ndoo. Dawa mpya hupimwa kwa kikombe. Atakayefuata ukurasa wa Roza na dawa mpya mkononi anaogesha ng'ombe kwa sumu.

Ng'ombe wa baba yake waliuawa na mwandiko wake.

Ndani ya nyumba mtu alikohoa.

"Ameamka kuswali," alinong'ona Bi Mwanakhamisi.

"Ufunguo uko wapi?"

"Kiunoni kwake. Hautoki hapo." Kisha akakumbuka jambo. "Ila akiswali huuvua. Unamchoma akiinama. Huuweka pembeni ya mkeka."

Wakatazamana kupitia nondo, yule mama na yule binti. Bi Mwanakhamisi akaliweka birika chini.

"Mungu atanisamehe," alisema. "Yeye sijui."

Roza akabaki na ukurasa. Ulikuwa umebanduka wote isipokuwa kona ya juu, palipo na tarehe. Mwalimu Ezekia alikuwa na desturi ya kuandika tarehe kwenye kona ya kila kazi. Mvuke ulikuwa umekwisha. Roza akatia mate, akasubiri, akatia tena.

Ndani, Muhidini alianza kusoma kwa sauti, kama isomwavyo swala ya alfajiri. Halafu ufunguo ukalia, kidogo tu. Sauti ya Muhidini ikapanda ghafla, ikawa kubwa kama ya mtu anayemkanya mtoto asiguse jambo. Lakini alikuwa mbele ya Mola wake. Hakukatisha. Akaendelea kusoma, mbio sasa, kandambili za mama yake zinatoka nje.

Kufuli likalia. Roza akavuta. Ukurasa ukatoka, kona ikabaki.

"Imebaki tarehe," alisema.

"Acha tarehe. Yuko sijda ya mwisho yule. Kimbia kwa mdogo wangu Halfani, lori lake la mpunga linaondoka sasa hivi kwenda Iringa. Mwambie nimesema mimi."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nipo nyumbani kwangu. Nani anifukuze?"

Lakini alipoinua birika liliinama, maji ya moto yakamwagikia mguu.

"Roza," aliita. Roza akageuka. "Yule ni mwanangu."

Hakuongeza neno. Roza akakimbia, ukurasa uko kifuani chini ya kanga, na neno hilo nalo analo.

Halfani hakuuliza maswali. Alimtazama miguu, ilikuwa mitupu, akampa soksi zake za safari na kumpandisha mbele.

"Dada yangu akisema nibebe simba, nabeba simba," alisema. "Wewe huna hata kucha."

Hawakuwa wamefika mbali barabarani walipokuta kizuizi. Mgambo mmoja, bunduki begani, akasogea hadi dirisha la dereva.

"Umebeba nini?"

"Mpunga wa ushirika. Karatasi hizi hapa. Mbona umekasirika mapema hivyo?"

"Nimechoka, ndugu yangu. Nangoja mwenzangu anipokee niende Igwasa. Kuna mwanamke mwizi amefungiwa stoo."

Roza alihisi ukurasa unapiga kelele kifuani.

"Mwizi wa nini?" aliuliza Halfani.

"Karatasi."

"Karatasi? Igwasa mmeishiwa vitu vya kuiba."

Mgambo akacheka. Halafu akainama kumtazama Roza. "Na huyu?"

"Shangazi yangu. Usimsemeshe, jino limemkesheza."

Roza akavuta kanga, akashika shavu. Mgambo akamtazama tena, na Roza akaona mkono wake unaingia mfukoni. Kwisha, aliwaza. Zinatoka pingu.

Ilitoka karafuu.

"Tafuna hii, shangazi, uishikilie palepale panapouma. Mama yangu hunipa kila nikija zamu."

Roza akaipokea kwa mikono miwili, akaitafuna mbele yake jino zima halina tatizo. Kizuizi kikainuka. Yule kijana akawapungia mkono, akabaki akingoja zamu yake iishe aende akamkamate.

Karafuu ilidumu mdomoni mpaka Makambako. Mafinga waliipita na ukungu. Ipogolo Halfani alinunua mkate akamkatia nusu kubwa, kisha lori likapanda mlima kwa kulia, na Iringa hiyo hapo juu.

"Nakushusha hapa," alisema Halfani. "Karibu na lango sifiki, wasije wakaniuliza kuhusu jino."

Ilikuwa siku ya wageni. Nje ya ukuta wa mahabusu wanawake walikuwa wamepanga vikapu vyao. Na palepale anapoketi kila siku ya wageni, fimbo katikati ya magoti, alikuwa Mzee Masunga.

Mzee hakuwa anakuja kumwona mkwewe. Alikuwa anakuja kuhakikisha hajaachiwa.

"Shikamoo, baba," alisema Roza.

Mzee akageuza uso upande wa barabara. Tangu ng'ombe wafe hajamwitikia mwanawe salamu hata moja.

Langoni alikuwapo askari Lutengano, mtu wa Tukuyu, mnene, mpole. Kwa kazi yake ilimbidi apekue kila mgeni, na kwa haya zake humwomba kila mwanamke atoe mwenyewe alicho nacho. Roza akatoa ukurasa.

"Karatasi haingii ndani, dada. Hata ya sala haingii." Akausoma, midomo ikicheza. Aliijua kesi ile kama walivyoijua wote. Uso wake ukabadilika. "Huu ndio ule wa pili?"

"Ndiyo."

"Ameuandika nani?"

"Mimi."

Lutengano akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaweka kalamu mezani.

"Mimi leo sikio hili linaziba," alisema. "Sikukusikia. Ingia umwone mumeo kwanza. Ukitoka nitakuuliza tena, na hapo nitaandika utakavyosema. Karatasi iache hapa mezani."

Watu wa namna hii wapo. Tukiandika habari za magereza tuwaandike na wao.

Selestini aliletwa hadi kwenye wavu. Shati lilikuwa linamkaa kama limeanikwa.

"Nilikuambia usije tena."

"Umeniambia hivyo kila nikija. Leo nimejua sababu."

Akamtazama, macho yakamtoka. "Umeuona."

"Nimeubandua mwenyewe. Ulikuwa chini ya wa Muhidini. Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba ng'ombe wa mkwe wangu wameuawa na karatasi ya binti yake?"

"Ulikuwa na kurasa mbili mbele yako, Selestini. Kichwa kimoja. Kwa nini ulifuata wangu?"

Selestini alikwangua kutu ya wavu kwa ukucha.

"Muhidini alikuwa amesafiri, alirudi jioni ng'ombe wameshalala chini. Dawa ilikuwa ngeni, kopo lina maandishi ya Kizungu. Nikafungua jalada. Ukurasa huu wa Muhidini, ukurasa huu wako. Nilipoona mwandiko wako sikusoma zaidi."

Roza akashika wavu. Mahali pale pote palikuwa na watu wakiongea kwa pamoja, na yeye hakuwasikia.

"Na Muhidini?"

"Alikuja hapa wiki ya kwanza. Kaniletea sabuni na sigara, ungedhani ndugu. Akaniambia, shemeji, ukurasa wa mkeo nimeufunika kwa wangu, uko salama. Ukimtaja aliyeuandika, naubandua mwenyewe, na Roza anaingia humu. Ukinyamaza, anabaki nje. Nikaona bora nibaki mimi."

"Yeye ndiye aliyetakiwa kuutoa dawa mpya ilipofika."

"Ndiyo. Aliogopa lawama. Sasa ameogopa zaidi."

"Na wewe ungefungwa?"

"Ningefungwa."

"Na mimi huko nje ningekaaje? Ningepika chakula cha nani?"

Selestini alikuwa amefikiri kila kitu humo ndani, hilo hakulifikiri.

"Ukurasa una tarehe?" aliuliza.

"Kona imebaki kwenye jalada."

"Basi sikiliza." Akasogeza uso mpaka ukagusa wavu. "Tarehe ndiyo ingeonyesha kwamba uliuandika wakati wa dawa ya zamani. Bila tarehe watasema umeandika mwaka huu. Watasema mke na mume wamekaa chini wakapanga. Lutengano akikuuliza, sema uliuokota. Hauna jina lako."

"Una ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa pembe iliyoinama."

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Selestini alicheka. Kidogo tu, kwa pua. "Ulimchora na yeye?"

"Nilikuwa namaliza karatasi."

Kengele ikalia. Askari wa ndani akamgusa bega. Selestini akaanza kurudi nyuma, kisha akasimama.

"Sema uliuokota, Roza. Naomba. Nimekaa humu mwezi mzima kwa ajili ya neno hilo."

Roza alitoka akiwa amekwisha kuamua. Atasema aliuokota. Mume wake amelipia neno hilo kwa mwili wake, nani yeye alitupe? Atasema aliuokota, atarudi Igwasa, ataitafuta ile kona.

Akafika langoni.

Mzee Masunga alikuwa amesimama mbele ya meza ya Lutengano. Ukurasa ulikuwa mikononi mwake. Mzee hajui hata herufi moja, lakini aliushika sawasawa, kichwa juu, kwa sababu ng'ombe alikuwa amesimama kwa miguu yake.

"Alipita akauona mezani," Lutengano alisema kwa aibu. "Sikuweza kumnyang'anya mzee."

Mzee Masunga aliweka kidole kwenye ile pembe.

"Nani amemchora ng'ombe wangu?" aliuliza.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Roza tangu siku ile.

"Na mimi nakuuliza tena, dada," alisema Lutengano, kalamu mkononi sasa, sauti ya chini. "Nani aliandika karatasi hii? Waweza kusema hujui."

Nyuma yake wavu. Mbele yake baba. Katikati, neno moja dogo la uongo ambalo lingemtoa nje ya lango lile akitembea.

Lakini mzee hakuwa ameondoa kidole kwenye ile pembe.

"Mimi, baba," alisema Roza. "Nimemchora mimi. Na maneno ni yangu."

Kalamu ya Lutengano ilichelewa. Halafu ikaandika.

"Keti kwenye benchi lile," alisema. "Askari wa kituo watakuja. Siruhusiwi kukuacha uondoke." Akainuka yeye mwenyewe, akalivuta benchi kutoka kivulini mpaka kwenye jua, maana Iringa ni baridi, kisha akarudi mezani akainamisha kichwa.

Roza akaketi. Akangoja fimbo ya baba yake imshukie mgongoni.

"Wewe askari," alisema Mzee Masunga. "Nataka kuingia."

"Kumwona nani, mzee?"

"Mkwe wangu."

Mwezi mzima alikuwa akimwita yule muuaji. Lutengano hakuuliza la zaidi. Akafungua, na fimbo ikasikika ikigonga sakafu mpaka ndani, ikanyamaza.

Roza hakusikia kilichosemwa. Alihesabu vikapu vya wanawake, akapoteza hesabu, akaanza tena. Gari la kituo halijafika. Lango lilikuwa wazi hatua chache tu kutoka miguuni pake, lakini kwake lilikuwa mbali kama Dar es Salaam.

Fimbo ikarudi.

Mzee alisimama mbele ya benchi. Akavua mgolole wake, akamfunika nao mabegani, akaukaza kidogo shingoni, kama alivyokuwa akimfunika zamani wakilala zizini kulinda ndama.

"Amekonda," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ameniambia alipoona mwandiko wako hakusoma zaidi."

Roza aliushika upindo wa mgolole.

"Ningejua kusoma," alisema mzee, "hata mimi ningefuata wako."

Akageuka, akavuka lango kwenda barabarani, shati lake jembamba linapepea, mzee asiye na mgolole kwenye baridi ile.

Hapo ndipo lori jingine likasimama upande wa pili wa barabara. Akashuka mtu mmoja. Muhidini.

Alimwona Roza kwenye benchi. Hakukasirika. Aliingiza vidole viwili mfuko wa shati, akatoa kitu kidogo, akakiinua kidogo tu, Roza peke yake akione. Kipande cha karatasi, kikubwa kama stempu, kimekauka kwa gundi ya ngano. Ile kona. Ile tarehe.

Akairudisha mfukoni, akatoa kiberiti, akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza kama kina njiti. Kisha akavuka barabara, mikono miwili mbele, uso umejaa heshima, kwenda kumsalimu Mzee Masunga.

Roza akainuka. "Keti, dada," alisema Lutengano kwa huruma. "Jina lako nimekwisha kuliandika."

Hangeweza kukimbia. Hangeweza kueleza habari ya kona, tarehe na dawa mbili kwa kupiga kelele kutoka kwenye benchi, Muhidini anasikia na kiberiti anacho. Baba akisogea angemnong'oneza habari ya kona, na la kumwitia lilibaki neno moja tu ambalo Muhidini hangeweza kulishuku.

"Baba," aliita. "Njoo tena unione. Usiende, baba. Njoo unione tena sasa hivi."